Machi, Mkeka na Kesi ya Calipari

Nina ombi dogo kwa wakubwa wa jimbo la Kentucky: mwezi wa Machi ufutwe. Tukimaliza Februari turuke moja kwa moja hadi Aprili, farasi waanze kukimbia pale Keeneland, miti ichanue, na sisi wengine tupate kunyolewa nywele kwa amani.

Baridi haina neno, mvua haina neno. Kinachonikera ni mdomo wa watu. Machi ndio msimu wa mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani. Timu 68 zinaingia, ukifungwa mara moja tu umefungasha virago, mpaka mwanzoni mwa Aprili abaki bingwa mmoja. Mechi yenyewe ni dakika 40. Lakini hapa Lexington, penye Chuo Kikuu cha Kentucky, dakika 40 huzaa ubishi wa miaka kumi, na ubishi huo unanifuata kila niendako: kwenye foleni ya dukani, kwa daktari wa meno wakati mdomo wangu uko wazi na siwezi kujitetea, hata msibani, watu wakisubiri chakula.

Na ubishi wenyewe ni mmoja. John Calipari. Je, alikuwa kocha mkubwa, au alikuwa bingwa wa maneno aliyevaa suti nzuri?

Bwana huyu alifundisha Kentucky misimu 15, kuanzia 2009 hadi Aprili 2024, kisha akahamia Arkansas, timu ya ukanda uleule wa Kusini-Mashariki ambayo Kentucky hukutana nayo kila msimu. Mtu mwenye akili timamu angedhani mshtakiwa akishahama mji, kesi nayo inafungwa. Wapi! Kesi ndiyo kwanza inanoga. Mashahidi wanaongezeka, mawakili wa pande zote hawalali, na mimi, mhamiaji wa watu niliyetoka Dar es Salaam kutafuta riziki, nimefanywa mzee wa baraza kwa nguvu.

Nianze na jirani yangu, mzee mstaafu, kofia yake ya bluu haijavuliwa tangu nimfahamu. Nikitoka kwenda kutupa taka, yuko uzioni kwangu. "Kijana," ananiita, ingawa kichwa changu kina mvi za kutosha, "hebu hesabu na mimi." Hapo najua taka zitaningoja. Anaanza na vidole. Adolph Rupp mataji manne: 1948, 1949, 1951 na 1958. Joe B. Hall moja, 1978. Rick Pitino moja, 1996. Tubby Smith moja, 1998. Halafu anasimama, anashusha pumzi, ananyanyua kidole kimoja kilichobaki na kukitazama kama anakionea huruma. "Calipari, 2012. Moja! Miaka 15, vijana bora wa nchi nzima wanaletwa mlangoni kwake kila mwaka, taji moja!"

Nikimwambia kwamba Hall, Pitino na Smith nao kila mmoja katwaa taji moja palepale, anasema hao ni tofauti. Nikiuliza tofauti gani, anasema wewe huelewi mpira. Nikimkumbusha kwamba Tubby Smith, aliyewaletea kombe, walimsema mpaka akaona heri aende Minnesota mwaka 2007, kisa baadhi ya misimu alipoteza mechi 10, mzee anasema hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Siku moja nikaona na mimi nichokonoe kidogo. Nikamuuliza: na fainali ya 1966 je? Rupp alipoingia na timu ya wazungu watupu, akafungwa 72 kwa 65 na Texas Western iliyoanza na vijana watano weusi? Na ilikuwaje mchezaji wake wa kwanza mweusi, Tom Payne, asajiliwe mpaka 1969, alipokuwa amebakiza miaka mitatu tu kustaafu? Mzee akakumbuka ghafla kwamba ameacha birika jikoni. Mwaka 2020 kuna walimu wa chuo chenyewe walioomba jina la Rupp liondolewe kwenye ukumbi wa Rupp Arena. Jina bado lipo, na mzee wangu hajawahi kuniita uzioni kwa ajili ya kesi hiyo. Anayo moja inayomtosha.

Kazini ndiko balaa. Ghala ninalofanyia kazi lina msimamizi ambaye miezi 11 ya mwaka ni mtu wa haki. Ikifika Machi anageuka. Anaandaa mkeka wa ofisi: kila mtu dola tano, unajaza karatasi nzima, nani atamfunga nani kuanzia mechi ya kwanza mpaka bingwa. Kubeti huku wanakuita burudani ya wafanyakazi. Kisha inafika Alhamisi na Ijumaa ya kwanza, mechi zinaanza mchana kweupe, na ghafla ghala zima lina watu wenye kuumwa tumbo. Chooni kuna foleni, kila mtu kashika simu. Anayebaki anapanga maboksi ni huyu mwandishi wenu, kwa sababu nilitamka hadharani kuwa sifuatilii.

Mwaka 2024 msimamizi aliweka Kentucky bingwa. Timu ilikuwa nafasi ya tatu katika kundi lake, mpinzani wa kwanza Oakland wa nafasi ya 14. Oakland hii wala haiko California. Ni chuo cha Michigan, na nusu ya ghala ilikuwa haijui. Wakakutana Pittsburgh. Akatokea kijana mmoja, Jack Gohlke, ambaye msimu mzima karibu kila mtupo wake ni wa pointi tatu. Yaani dunia nzima inajua: huyu akipata mpira hapenyi, hatoi pasi, anarusha kutoka mbali. Kentucky wakamwacha arushe. Akatia kumi. Pointi 32 mtu mmoja, mechi ikaisha 80 kwa 76, na mkeka wa msimamizi ukachanika hata jua la Ijumaa halijachomoza.

Tangu siku hiyo, kila mapumziko ya chai ni mhadhara. Msimamizi haanzi na Oakland, anaanza na fedha. Mwaka 2019 chuo kilimpa Calipari mkataba wa miaka 10, dola milioni 86. Baada ya aibu ya Pittsburgh watu walitaka afukuzwe, wakaambiwa kumfukuza kunagharimu kama dola milioni 33. Mkurugenzi wa michezo akatangaza kuwa kocha anabaki. Mashabiki wakanuna. Wiki hazijapita nyingi, kocha mwenyewe akaaga na kwenda Arkansas, chuo kikabaki na milioni zake. Hapo ndipo nilipotarajia msimamizi acheke. Badala yake alinuna zaidi! Alitaka aondoke, ameondoka, na sasa anaumia kwa sababu ameondoka kwa hiari yake. Mtu wa namna hii unamsaidiaje? Nilimuuliza iwapo mashabiki wanapenda kufukuza au wanapenda kuachwa. Akanipangia zamu ya Jumapili.

Kwa haki, lazima niseme ushahidi wa upande wa mashtaka si mdogo. Mwaka 2013, mwaka mmoja tu baada ya ubingwa, timu haikuitwa hata kwenye mashindano makubwa. Ikapelekwa kwenye yale ya pili, ikafungwa 59 kwa 57 na Robert Morris. Chuo hicho kiko Moon Township, Pennsylvania, mji aliozaliwa Calipari mwenyewe. Hebu fikiri unarudi nyumbani kijijini na gari la kifahari, unafungwa na watoto wa jirani, shangazi zako wanatazama. Msimu wa 2020 hadi 2021 walishinda mechi 9 wakafungwa 16. Mwaka 2022 wakiwa nafasi ya pili wakafungwa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichokuwa nafasi ya 15, 85 kwa 79 katika dakika za nyongeza. Tangu 2015 hadi anaondoka hakurudi tena kwenye timu nne za mwisho.

Na hiyo 2015, ndugu msomaji, usiitaje mbele ya mtu wa Lexington aliyeshika kitu cha moto. Walishinda mechi 38 mfululizo bila kufungwa. Walikuwa na Karl-Anthony Towns, na Devin Booker alikuwa anaanzia benchi. Benchi! Zikabaki mechi mbili waandikwe kwenye vitabu milele, wakakutana na Wisconsin nusu fainali kule Indianapolis, wakafungwa 71 kwa 64. Dakika za mwisho, zaidi ya mara moja, waliishiwa sekunde za kurusha kabla hawajarusha. Daktari wangu wa meno anaieleza mechi hiyo kwa kunionyesha kwenye sinia la vyuma vyake, hiki Towns, hiki Kaminsky wa Wisconsin, na mimi pale kwenye kiti nimeganda nusu ya mdomo, namwomba Mungu asifike dakika za mwisho akiwa na sindano mkononi.

Sasa twende kwa kinyozi, wakili mkuu wa utetezi.

Lexington ina Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, hata barua za shule za wazazi zinakuja kwa lugha yetu. Kinyozi wangu ni mtu wa Lubumbashi. Kabla ya 2021 mpira wa kikapu aliuona mchezo wa watu warefu wasio na kazi. Kisha akaja Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, akahamia Kentucky kutoka West Virginia. Msimu wake wa kwanza akawa anavuna ribaundi 15 kwa wastani kila mechi, na 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Kinyozi akafunga televisheni kubwa ukutani, akapandisha bei ya kunyoa kwa dola mbili, na tangu hapo Calipari hagusiki.

"Oscar ni mutoto ya kwetu," anasema huku ameshika mashine. "Calipari ndiye alimupa njia. Mutu asimuseme vibaya hapa ndani, bana."

Ukimwambia habari ya Saint Peter's anakujibu palepale: usiku ule Oscar alitia pointi 30 na ribaundi 16. Afanye nini zaidi? Akauze na tiketi? Na hapo, mimi mwenyewe nikitaka kubisha, sina cha kusema. Kisha anakuja kwenye hadithi aipendayo kuliko zote, na Waswahili wote waliomo kibandani wanasogeza viti. Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi. Wenzake wa timu wakawa wanalipwa fedha za matangazo, yeye viza inambana, hawezi kuchuma akiwa ndani ya Marekani. Timu ilipokwenda Bahamas kiangazi cha 2022, ndiko akapata nafasi ya kuingiza chochote. Kibanda kizima kinaguna. Hakuna mtu mle ndani ambaye hajawahi kuhangaishwa na karatasi za uhamiaji. Mchezaji bora wa nchi nzima, na bado karatasi! Ukitoka hapo huwezi tena kusema neno juu ya kocha wake, utaonekana umetumwa.

Mimi nina tatizo jingine mle kibandani, na hili nalificha. Shemeji yangu aliye Dar hunipigia simu msimu kama huu kuuliza matokeo, kwa kuwa kwake kila anayecheza kikapu Marekani anamjua Hasheem Thabeet. "Huyo Calipari ndiye aliyemfundisha Hasheem wetu?" Hapana, shemeji. Hasheem alicheza Connecticut, kwa Jim Calhoun, na kutoka hapo akawa mtu wa pili kuchaguliwa NBA mwaka 2009. "Basi sisi ni watu wa Connecticut," shemeji akahukumu, akakata simu. Yeye ni Yanga wa kuzaliwa, uaminifu wake hauna mjadala.

Lakini hajui amenitia katika nini. Connecticut ndiyo iliyomfunga Calipari nusu fainali ya 2011 kwa pointi moja, 56 kwa 55. Connecticut haohao wakamfunga fainali ya 2014, 60 kwa 54, wakati Kentucky walikuwa wameanza mashindano nafasi ya nane na kufika mwisho kwa mitupo ya dakika za mwisho ya Aaron Harrison. Maana yake kwa uzalendo wa Kitanzania napaswa kushangilia misiba miwili mikubwa ya mji ninaoishi. Siku moja neno Connecticut lilinitoka kibandani. Mashine ilizimwa. Kinyozi alichukua wembe, akaniangalia kwenye kioo kwa muda mrefu, akaniuliza nataka kidevu kiwe namna gani. Nikasema kiache tu kama kilivyo.

Utetezi una jingine zito. Calipari hakutunga sheria ya vijana kukaa chuoni mwaka mmoja na kuondoka. NBA ndio waliokubaliana mwaka 2005 kwamba kijana asiingie ligi yao moja kwa moja kutoka sekondari, mpaka awe na miaka 19 na mwaka umepita tangu darasa lake limalize shule. Makocha wengine walilalamika. Calipari alifungua mlango akaweka kapeti. Njooni kwangu mwaka mmoja, alisema, mimi nitawafikisha. Akawafikisha. Mwaka 2010 wachezaji wake watano walichaguliwa katika raundi ya kwanza, John Wall akiwa wa kwanza kabisa. Anthony Davis, Jamal Murray, De'Aaron Fox, Bam Adebayo, Tyrese Maxey, wote walipita mikononi mwake. Shai Gilgeous-Alexander alikaa Lexington msimu mmoja, na mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa NBA na bingwa na Oklahoma City.

Jirani yangu mzee hapo ndipo anapotokwa na povu. "Ubingwa wa Oklahoma unanihusu nini?" Ukimsikiliza vizuri utagundua kidonda chake hakiko kwenye mataji. Anasema enzi zake kijana alikuja akiwa na chunusi, akaondoka baada ya miaka minne ana mchumba, na mji mzima umeshajua jina la mama yake. Hawa wa Calipari ndiyo kwanza umezoea kutamka jina, ameshapanda ndege. Mzee alinunua jezi, mtu akaondoka. Akanunua nyingine, naye akaondoka. Kabati lake limejaa majina ya watu waliokaa mjini muda mfupi kuliko fundi bomba aliyekuja kurekebisha bafu langu. Ningekuwa mimi ningeacha kununua jezi. Nilimwambia hivyo. Sasa nasikia nimesemwa mtaa mzima kuwa ni mtu wa Louisville, chuo hasimu, tusi ambalo kwa hapa ni afadhali wakutukanie ukoo.

Kuna pia mambo yaliyofutwa. Kabla ya Kentucky, Calipari alifikisha Massachusetts kwenye timu nne za mwisho 1996, na Memphis kwenye fainali ya 2008. Zote mbili zilifutwa rasmi baadaye kwa sababu kila timu ilikuwa na mchezaji aliyeonekana hakustahili kucheza, ingawa kocha mwenyewe hakutiwa hatiani. Nchi hii inanishangaza. Mechi imechezwa, watu wamelia, bia zimenyweka, halafu ofisi inasema haikuwepo. Nikauliza kama wanaweza kufuta na zamu zangu za Jumapili. Msimamizi hakucheka.

Ule ubingwa wa 2012 lakini hauna wa kuufuta. New Orleans, Kansas alikufa 67 kwa 59, Anthony Davis akitia kikapu kimoja tu kati ya mitupo kumi na bado akatangazwa bora wa mashindano, maana aliokota ribaundi 16 na kuzuia kila kilichokuja hewani. Usiku ule vijana wa Lexington walifurahi kwa kuchoma masofa barabarani. Masofa! Mimi nilikuwa mgeni mjini, sebuleni nina godoro na ndoo niliyoigeuza kiti. Natazama dirishani, naona sofa la watu watatu, zima kabisa, la kitambaa cha kahawia, linaungua. Hilo ndilo shitaka langu mimi dhidi ya enzi ya Calipari, na hakuna wakili aliyekubali kulichukua.

Basi ikaja Februari 1, 2025. Calipari anarudi Rupp Arena na Arkansas yake, timu iliyokuwa hoi msimu huo. Kentucky sasa iko chini ya Mark Pope, nahodha wa mabingwa wa 1996, mtoto wa nyumbani. Wiki nzima mji ulijadili jambo moja: tumzomee au tumpigie makofi? Kanisani kwetu kuna mtu alimuuliza mchungaji. Mchungaji, mtu wa Bukavu, akasema msamaha ni wajibu, kisha akauliza mechi ni saa ngapi. Siku ikafika, wakazomea, tena kwa nguvu zote, na yule waliyesema hajui tena kufundisha akawafundisha: Arkansas 89, Kentucky 79. Jumatatu yake ghala lilikuwa kimya kama ofisi ya kodi. Nilifanya kazi vizuri kuliko siku zote.

Machi ileile ikawa vichekesho. Arkansas iliingia kwenye mashindano nafasi ya 10, ikaitoa Kansas, halafu ikapangwa na St. John's. Kocha wa St. John's ni nani? Rick Pitino. Huyu aliwapa taji la 1996, akaenda Boston, kisha 2001 akarudi Kentucky lakini kwa mahasimu wao Louisville, wakamchukia kwa miaka mingi mpaka Oktoba 2024 walipomkaribisha Rupp Arena na kumshangilia. Sasa msaliti aliyesamehewa anacheza na msaliti ambaye bado. Jirani yangu alikaa mbele ya televisheni hajui amwombee nani kushindwa. Calipari akashinda 75 kwa 66. Kisha Alhamisi iliyofuata Arkansas, baada ya kuongoza kwa pointi nyingi, ikatolewa na Texas Tech 85 kwa 83 katika dakika za nyongeza. Furaha mtaani! Watu wakalala wanacheka. Usiku uliofuata Kentucky yenyewe ikafungwa 78 kwa 65 na Tennessee, timu waliyokuwa wameifunga mara mbili msimu huohuo. Wote wawili wameishia kwenye timu 16 bora. Kesi ikarudi mahali palepale.

Mimi hukumu yangu ninayo, na kwa kuwa hapa hakuna wembe wala zamu ya Jumapili, nitaisema. Calipari alikuwa mtu wa ajabu katika kukusanya vijana na kuwafikisha kwenye kazi ya maisha yao. Katika usiku wa mechi moja ya kufa na kupona, hasa miaka yake ya mwisho, alikuwa kocha wa kawaida mwenye mshahara usio wa kawaida. Mechi 410 alizoshinda Kentucky si bahati. Taji moja kwa vikosi vile ni kidogo, hasa ukikumbuka 2015. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na wanaotaka kuchagua moja wanatafuta tu sababu ya kunizuia nisitupe taka.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopanga kuhamia Lexington, karibuni, kazi zipo na Kiswahili kinasemwa. Ila mkiulizwa Machi kuhusu Calipari, semeni hamjui kabisa kikapu, mnapenda riadha. Connecticut msiitaje. Na kama kuna mtu anauza sofa ambalo halijaungua, anijulishe kabla Kentucky hawajachukua ubingwa tena.